Miberoshi ya Bonfils

Concilie hakuwa mtu wa kuchukia. Alikuwa mpiga chapa ofisini, mjane wa mtaa wa Ngagara, na rozari haikumtoka mfukoni. Lakini jioni ile, alipomkuta shemeji yake Honoré katikati ya bustani, alimchukia.

Bonfils, mwanawe wa pekee, alipanda miche mitano ya miberoshi kando ya ua muda mfupi kabla risasi hazijamwangusha barabara ya Musaga. Sasa mwaka ulikaribia kutimia, na jamaa wangekuja kuganduka, yaani kuondoa matanga. Honoré alitaka turubai na kreti za bia zikae pale pale penye miti.

"Nitaihamisha mwenyewe," Concilie alikuwa amemwambia. Aliimwagilia, akauchimbua mmoja na bonge lake la udongo, akaufunga kwa gunia na kuupanda nyuma ya jiko. Minne ingengoja atoke kazini.

Honoré hakungoja. Aliing'oa kama mihogo, akakung'uta udongo wote.

"Shemeji, umeacha mizizi uchi."

"Nimepunguza uzito, Mama Bonfils. We unahamisha muti ao unahamisha shamba?" Akacheka, bia ikinuka kinywani, akajifuta mikono kwa shati la Bonfils lililoanikwa kambani.

Concilie alilifua upya lile shati. Kisha akaipanda ile minne upande wa pili wa ua, akimwomba Mungu amwondolee chuki. Sala ilimkwama.

Majuma matatu baadaye, mbele ya jamaa wote, Honoré alisimama. "Muone, miti ya mutoto wetu ingali kijani. Bonfils yuko nasi. Mama, kunywa basi, matanga yaishe." Akamsogezea mtungi wa pombe na mrija wake.

Concilie aliinuka, akaenda kuvunja kitawi cha mti mmoja. Kilikatika kikavu kama njiti ya kiberiti. Mberoshi haupukutishi majani. Hufa ukabaki kijani, ukawadanganya wasioujua.

Akakiweka kitawi mkononi mwa Honoré. "Huu ulikufa siku ile uliyoung'oa. Mi sinywi. Matanga yangu hayajaisha."

Watu wakainamisha vichwa. Yeye akaenda nyuma ya jiko, bado na kanga yake nyeusi ya matanga, akaumwagilia ule mmoja uliokwisha kuchipua. Kutoka chini ya turubai akamsikia Honoré akifyonza mrija, akimaliza na fungu la mfiwa.