Hakuna Aliyekufa

Kwanza mjue hivi: mume wangu akikupigia simu, neno lake la kwanza ni "Hakuna aliyekufa." Salamu zinafuata baadaye. Ni sheria ya ukoo mzima, na tulimwekea siku dada yangu alipojimwagia maji ya moto miguuni, eti kwa sababu shemeji yake amepiga simu kuuliza kama kofia yake ameisahau kule.

Si kosa lake, maskini. Mungu kampa sauti nzito, ya taratibu, na tangu nimjue sauti hiyo imekuwa na kazi moja tu: kusoma matangazo ya vifo redioni. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari, utamsikia: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao..." na kila tangazo analifunga kwa maneno yaleyale, "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo." Mji mzima umepokea misiba yake kutoka kinywani mwake. Kinyozi wake humnyoa bila kumsemesha. Akiuliza bei ya nyanya sokoni, muuzaji anaanza kuuliza, "Nani tena?"

Basi kituo chao kikapata mkurugenzi mpya, kijana wa viatu vyenye ncha. Kikao cha kwanza tu akasema kwamba ukifika mwaka fulani, mtu ambaye hakusomea utangazaji hatakaa mbele ya kipaza sauti. Mume wangu alikuwa na shahada, ndiyo, lakini ya historia. Kwa hiyo ama arudi chuoni asome uzamili wa utangazaji wa habari, ama ahamie stoo ya kanda za zamani akapanguse vumbi mpaka astaafu. Akufukuzaye hakwambii toka. Mimi ni fundi cherehani, na siku ile nilitaka kwenda kumwona mkurugenzi yule na mkasi wangu mkononi. Mume wangu akaniambia, "Tulia, mke wangu. Nitasoma."

Akasoma. Mtu ana mvi mpaka kwenye nyusi, anakaa darasani na watoto ambao angeweza kuwazaa! Siku ya kwanza mhadhiri aliita majina, na yeye alipoitika "Nipo," msichana mmoja wa mstari wa mbele akashika kifua akasema, "Jamani, nani kafa?" Darasa zima likaangua kicheko. Kuanzia hapo jina lake likawa Tanzia. Mzee Tanzia. Wanamwita hivyo kwa upendo, hilo nalikubali, lakini nilinuna wiki nzima kwa niaba yake kwa sababu mwenyewe hajui kununa.

Kazi za darasani zilimtoa jasho. Kuandika aliandika vizuri kuliko wengi. Tabu ilikuwa sauti. Akipewa habari ya hali ya hewa, ukimsikiliza unaona mvua imefiwa. Siku moja walifanya mazoezi ya kusoma matokeo ya mpira, na alipofika mwisho ulimi ukaponyoka wenyewe: "Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo." Mhadhiri wao, mwanamke mdogo kwa umri lakini mkali kama pilipili, aliinamisha kichwa mezani mabega yakawa yanatikisika. Baadaye alimwita pembeni akamwambia kwa heshima kabisa, "Mzee, tabasamu linasikika redioni. Ukisoma, tabasamu." Loo! Nikaanza kumkuta bafuni kajifungia, anaitabasamia ndoo.

Kitu kingine ambacho mhadhiri yule hakukisamehe ni ukimya. Alikuwa akiwaambia kwamba msikilizaji akikosa sauti kwa pumzi mbili tu, ameshahamia kituo kingine, na aliyemfukuza ni wewe. Alama zilikatwa zaidi kwa ukimya kuliko kwa kosa lolote.

Ndipo ukaja mtihani wa mwisho wa vitendo, ule ambao ukianguka umeangukia stoo ya kanda. Kila mwanafunzi afanye mahojiano ya simu na mtu wa kawaida, si mheshimiwa wala mwanamuziki, moja kwa moja hewani katika redio ya chuo, ambayo inasikika mji mzima. Bila kusoma popote. Amfanye mtu huyo aongee kwa raha mpaka msikilizaji amjue.

Vijana walipata watu wao siku hiyohiyo. Wangu akaanza kuzunguka. Fundi viatu alikata simu kabla ya "hakuna" kufika kwenye "aliyekufa." Mwalimu mstaafu wa jirani, mkewe alitoka mlangoni akasema amesafiri, na huku tunamsikia anakohoa sebuleni. Kinyozi alijibu kwamba angependa sana, ila yeye ana watoto wadogo. Sasa watoto wadogo wameingiaje hapo, jamani?

Nilimwonea huruma. Alikuwa akirudi jioni anakaa na sahani mbele yake, anachezea kijiko. Nikapiga moyo konde nikasema, "Muulize mama."

Akaacha kijiko. "Mama hawezi kukubali."

Nilijua kwa nini anasema hivyo. Mama mkwe wangu ni mtu wa redio. Inalia kwake kuanzia alfajiri, mpira anausikiliza, bunge analisikiliza na kulijibu. Lakini ikifika saa ya mwanawe, ananyoosha mkono na kuizima. Matangazo yakiisha anaiwasha. Amefanya hivyo tangu baba mkwe alipofariki.

Baba alikuwa fundi bomba, mtu wa watu. Alipofariki, mume wangu alikuwa zamu, na hakutaka mtu mwingine asome. Sisi tulikuwa tumekaa kwa mama, waombolezaji wamejaa mpaka uani, redio katikati ya meza. Tukamsikia anaanza. Akamsoma bibi mmoja tusiyemjua. Akamsoma mwalimu fulani. Akamsoma mwingine, na mwingine tena. Watu wakaanza kutazamana. Mjomba mmoja, mdomo wake hauna breki, akanong'ona, "Au amemsahau?" Baba alikuja wa mwisho kabisa, akasomwa kwa sauti ileile kavu kama wengine, halafu hapohapo likaingia tangazo la magodoro na wimbo wake wa shangwe. Mama alinyanyuka akaizima redio. Hakusema neno, na hakumuuliza mwanawe neno. Na mwanawe naye, kwa kuwa hakuulizwa, hakusema. Wakaendelea kuulizana habari za afya na bei ya sukari, miaka ikapita.

Basi kwa mama nikaenda mimi, kwa sababu katika nyumba yetu mwenye mdomo ni mimi.

"Mama," nikamwambia, "mwanao ana mtihani."

"Si asome."

"Mtihani wenyewe ni wewe, mama."

Nikamweleza yote, mpaka ile stoo ya kanda. Alisikiliza huku anachambua mchele, akatoa kijiwe, akakitazama, akakitupa dirishani. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini aanze na hakuna aliyekufa. Mimi nina presha."

Siku ilipofika nilikwenda mapema kumshikia simu. Nikamkuta kavaa gauni la kutokea, na hereni juu.

"Mama, ni redio."

"Kwani mimi sijui kama ni redio? Umeona wapi mtu anakwenda redioni na gauni la jikoni?"

Redio ilikuwa imewashwa. Niliiona, nikajifanya sikuiona. Tukamsikia mhadhiri anamtambulisha mwanafunzi anayefuata, halafu simu ikaita. Nikaiweka sauti ya nje, juu ya meza, kati yetu.

"Hakuna aliyekufa," ikasema redio na simu pamoja, na vyombo vyote viwili vikaanza kupiga kelele za mwangwi. Mnajua kelele hiyo, kila mtu aliyewahi kupiga simu redioni anaijua.

"Shikamoo, mama. Naomba uzime redio yako."

Mama akaniangalia mimi, akaiangalia redio. "Miaka yote nimekuzima," akasema. "Leo nimekuwasha, unaniambia nizime?"

Nikajua mtihani umekwisha. Lakini mume wangu akacheka! Alicheka hewani, kicheko cha tumboni, ambacho mji ule haukuwahi kukisikia hata siku moja. "Zima tu, mama," akasema. "Utaniwasha tena." Nikaizima mimi.

Na mahojiano yakashika njia. Alimuuliza habari za kazi yake, maana mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka anastaafu. Mama akafunguka. Akaeleza namna ya kugeuza ugali wa watoto mia kwa mwiko mrefu kama kasia, namna ya kumtambua mtoto anayeumwa kwa jinsi anavyoshika sahani. Akamsema mwalimu mkuu aliyekuwa anapita jikoni kila siku kuonja mchuzi, "anaonja mpaka unauona uso wako chini ya sufuria." Mume wangu anacheka, mama anacheka, na mimi nimekaa pale nasema moyoni, amefaulu, huyu amefaulu.

Ndipo mama akasema, "Na mimi nina swali."

"Mama, leo mwenye kuuliza ni mimi."

"Wewe umeuliza ya kutosha." Akajisogeza kwenye simu, mikono kaifumbata mapajani. "Baba yako alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu, mama."

"Mbona ulimweka mwisho? Watu usiowajua ukawatanguliza. Baba yako ukampanga jirani na magodoro."

Kimya.

Nilimwambia mama kwa mikono, basi, basi, nikamwonyesha saa, nikaonyesha simu, kana kwamba yeye alijua habari za alama. Pumzi mbili zikapita. Tatu. Nilitamani nijitumbukize ndani ya simu ile nimsemee. Baadaye mume wangu aliniambia kwamba katika kile chumba chao kidogo chenye magodoro ya kuzuia sauti ukutani, mhadhiri aliyekaa upande wa pili wa kioo alinyoosha kidole kumwonyesha msichana wa mitambo aweke muziki. Ndiye yule aliyeshika kifua siku ya kwanza. Hakuweka. Alipoulizwa, alisema hakuona vitufe.

Halafu mume wangu akasema. Si kwa ile sauti ya jioni, wala si kwa ile ya kuitabasamia ndoo.

"Mama, wale wengine nao walikuwa na watu wao wamekaa kwenye redio kama wewe. Nilijua nikianza na baba, sauti itakatika, na watu wao hawatasomwa. Nikaona niwamalize kwanza. Baba nimweke mwisho, ili ikikatika, ikatike kwetu."

Mama alikuwa anaitazama simu. "Mbona haikukatika?"

"Ilikatika, mama. Ilikatika kwenye magodoro."

Jamani. Niliinuka nikaenda kusimama mlangoni, maana nilikuwa nalia kwa sauti na mtihani haukuwa wangu. Mama hakulia. Alivua hereni moja, akaishika, akaivaa tena. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, ukawa unagonga ukuta wa mama, na nina hakika mji mzima ulisikia.

"Sasa kwa nini hukusema?" akauliza.

"Hukuniuliza."

"Na wewe ulikuwa unasubiri uulizwe? Mtoto mkubwa namna hiyo!" Akapumua. "Haya. Nisikilize. Na mimi siku yangu ikifika, uniweke mwisho."

"Mama..."

"Mwisho kabisa. Uwamalize watu wa watu kwanza. Ila hayo magodoro uwaambie wayaondoe."

"Nitawaambia, mama."

"Umekula?"

"Bado."

"Kale. Sasa naweza kuwasha redio yangu?"

Akakata simu mwenyewe, hata mwenzake hajashukuru wala hajaaga wasikilizaji. Nikawasha redio. Kulikuwa na muziki tu. Msichana alikuwa amevipata vitufe.

Mhadhiri alimkata alama za ukimya, tena nyingi. Sheria ni sheria, na mume wangu mwenyewe alisema alistahili. Pia alikatwa kwa sababu mhojiwa ndiye aliyefunga kipindi. Zilizobaki zilimtosha, kwa kusukumana, na mkurugenzi wa viatu vyenye ncha akampa mkono mbele ya watu. Sasa anasoma taarifa ya habari ya mchana, na jioni bado anasoma matangazo yake ya vifo, kwa kuwa aliomba asinyang'anywe. Magodoro wameyasogeza, sijui kwa nguvu ya nani.

Siku majibu yalipotoka alikuwa kwangu dukani, na akampigia mama palepale, katikati ya vitambaa na wateja wangu wawili. Nilisikia simu ikipokelewa.

"Hakuna aliyekufa," akasema.

"Najua," mama akajibu. "Ningekusikia jana jioni."