Muuza Dawa Aliyefunga Duka Ili Afaulu Sheria

Saa mbili asubuhi foleni imekunja kona, na muuza dawa amesimama mlangoni ndani ya koti lake jeupe, funguo mkononi, hafungui.

"Mwanangu, kichwa kinanipasuka," analalamika mwalimu mmoja mstaafu.

"Pole, Mwalimu. Mfamasia akifika tu, nafungua."

"Mfamasia? Kwani wewe ni nani?"

"Mimi muuzaji tu."

Foleni nzima inacheka. Mtaani hapa binti huyu anaitwa Daktari, na mfamasia hakuna anayemjua kwa sura. Leseni yake ipo ukutani kwenye fremu. Mwenyewe huja mara moja kwa mwezi, akachukua posho, akatoweka. Ndiyo maana wafanyakazi wamempachika jina la Mwezi Mwandamo.

Chuo alichosoma Daktari kina bingwa wa takwimu. Bingwa alitangaza kwa mbwembwe kwamba amegundua kinachotabiri nani atafaulu mtihani wa sheria, ule wa kupata leseni: alama za mwaka wa kwanza na alama za kemia. Ni chuo kilekile kilichowahi kutangaza kwamba wanaosoma jioni hawana kichwa cha hesabu. Wa jioni wakaongoza, na radhi haikuombwa. Chuo kimesahau. Waliotukanwa hawajasahau.

Daktari aliongoza kwa yote mawili. Kwa hesabu za bingwa, angefaulu huku anasinzia. Ameanguka mara mbili. Akianguka ya tatu, atarudia mwaka mzima wa mafunzo kazini bila mshahara, na mshahara wa dukani ndio unaosomesha wadogo zake wawili.

Akaenda ofisini kwa bingwa kuuliza.

"Kwa takwimu zetu, wewe umefaulu," bingwa alimwambia, macho kwenye kompyuta.

"Mwalimu, barua inasema nimefeli."

"Basi wewe ni kosa dogo la kitakwimu."

"Pale dirishani dukani nimetukanwa sana," anasimulia Daktari, "lakini tusi hilo lilikuwa jipya."

Aliomba kuona karatasi yake. Swali liliuliza: mfamasia hayupo, muuzaji afanye nini? Alikuwa ameandika: aendelee na kazi, ila mtu mmoja asimame nje kuchungulia wakaguzi. Msahihishaji aliweka sifuri na alama tatu za mshangao.

"Niliandika ninachofanya kila siku!" anasema. "Wenzangu ambao hawajawahi kusimama dukani waliandika ya kitabuni, wakapita. Kitabu hata mimi nimekisoma. Ila swali likija, mkono unaandika ya dukani."

Hilo bingwa hakulipima. Hakuuliza mwanafunzi anashinda wapi, wala ni nani anayemlipa kuvunja sheria asubuhi hadi jioni, kisha sheria ikamfelisha yeye peke yake.

Basi wiki iliyopita Daktari akaamua kuutibu mkono. Mpaka siku ya mtihani, ataishi kwa kitabu. Antibayotiki bila cheti cha daktari, hakuna. Mama yake mzazi alirudishwa nyumbani mikono mitupu. "Amenuna mpaka leo," anasema. Na leo amefika sura ya msimamizi: bila mfamasia, duka halifunguliwi.

Mwenye duka, ambaye ni shangazi yake, anatokea akihema.

"Unataka kuniua?"

"Ni sheria, Shangazi."

"Sheria ndiyo iliyokufundisha kazi?"

"Hapana, Shangazi. Ulinifundisha wewe. Ndiyo maana nimefeli."

Shangazi anatoa simu mkobani. Anampigia mfamasia. Baada ya nusu saa Mwezi Mwandamo anawasili akiwa na ndala, shati kaligeuza nje ndani, anauliza swichi ya taa iko wapi. Foleni inampigia makofi.

Kufika mchana ameshadai posho ya kila siku, na chakula, na kiti chenye mto. Shangazi anapiga hesabu kichwani na kuona ni nafuu mpwa wake afaulu. Mtihani ni keshokutwa. Anakichukua kitabu yeye mwenyewe.

"Nikipata leseni, nitashinda nayo chumba kimoja," Daktari anaahidi. "Mtu akija kumuulizia mfamasia, atanikuta."

"Acha maneno, jibu swali," Shangazi anamkata. "Mteja hana cheti, anataka nusu dozi ya antibayotiki. Unafanya nini?"

"Namkatalia."

"Akisema atanunua duka la jirani?"

"Namwambia aende salama."

Shangazi anafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Sahihi," anasema. "Twende linalofuata, kabla sijabadili mawazo."