Kafa Ulaya ya Bankstown

Kwetu Tanga mitumba tuliiita kafa Ulaya, na tuliivaa tukicheka. Mzungu kafa huko, sisi tunapendeza huku. Sikuwahi kumfikiria huyo aliyekufa hadi nilipomkuta huku ughaibuni, Bankstown, ndani ya duka la nguo kuukuu, kwenye henga.

Nilikuwa nimekwenda kumtafutia binti yangu nguo ya kwanza, ile inayogusa ngozi. Vijana wa kanisani walikuwa wanakwenda kutembea milimani, mwezi wa saba, katikati ya baridi, naye alishaapa kwamba safari hii habaki nyumbani. Ana selimundu. Baridi ikimwingia, mifupa inamuuma hadi anapiga mayowe, na tunaishia kulazwa hospitali ya Westmead. Daktari alikubali aende kwa sharti moja: awe na joto na awe mkavu.

Wenzangu wanawavisha watoto fulana za pamba, tatu tatu, wanajiona wamemaliza. Ujinga mtupu. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo, ukisimama kupumzika inakugandia mgongoni. Sufu hata ikilowa bado inatunza joto. Alinifundisha bibi mmoja katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Mzungu aliyepanda milima ujana wake wote. Kila asubuhi nikimvisha alinifokea: "Ngozi kwanza, mwanangu! Koti ni mapambo tu."

Basi mkono wangu ukawa unapita kwenye henga, ukasimama wenyewe. Fulana ya sufu, ya kijivu, mikono mirefu. Ilikuwa na uvuguvugu, kama imevuliwa sasa hivi. Nikaigeuza. Kitambaa cha jina shingoni kilikuwa kimekatwa, zimebaki nyuzi. Kwapani palikuwa na mshono wa uzi wa kijani. Mshono huo ni wangu. Niliushona wakati wa chai, uzi wa kijivu sikuwa nao.

Ilikuwa fulana ya bibi yule wa milima. Siku yake ya mwisho aliniomba fulana hiyo. Mikono yake ilikuwa imekakamaa, fulana yenyewe inabana, nami nilikuwa nimechelewa na wazee wanne wananisubiri. "It's in the wash," nikamwambia, iko kwenye kufuliwa. Ilikuwa kwenye droo, nyuma yangu. Nikamvisha ya pamba. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekufa, vidole baridi. Sikumwambia mtu, na haya hainitoki hadi leo.

Rafiki yangu Mrundi, niliyekwenda naye, akaniona nimeduwaa. Wao mitumba wanaiita chagua.

"Dada, uko unaogopa nguo?"

"Namjua mwenyewe. Alifia mikononi mwangu."

"Eh! Hii ni chagua. Ukichagua, iko yako. Ao unataka mtoto agande?"

Hapo akanipata. Nyingine ya kumtosha binti haikuwapo, na mpya bei yake haishikiki. Lakini je, kama bibi amekuja kunilipiza, na atanilipizia kwa mwanangu? Nikaichukua. Nilimwomba radhi pale pale kimoyomoyo, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu cha kuomba radhi ni cha kazini.

Niliifua kwa mkono mara mbili, nikaianika nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Quakers Hill. Kila nilipoishika ilikuwa na uvuguvugu. Jumamosi binti akaivaa, akavuta mikono hadi ikafunika vidole gumba. Bibi alikuwa akifanya hivyo hivyo. Niligeuka nisiangalie.

Siku nzima nilishinda na simu mkononi. Alirudi alasiri akicheka. Huko juu mvua iliwanyeshea, mwenzake mmoja alitetemeka hadi wakamfunika blanketi. Yeye hata kidole hakikumuuma. Nililia kwa furaha pale jikoni, kisha nikamwambia anipe ile fulana niifue kwa mkono, isije ikaharibika.

Mwanangu nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. "It's in the wash, Mum," akasema, bila kugeuka.

Nikaenda kufungua mashine. Zilikuwamo soksi, suruali yake na taulo. Tulipekua begi, kapu la nguo, hadi chini ya kitanda. Binti anaapa kwamba aliiweka mle kwa mkono wake, nami nimeacha kumuuliza. Kazini siku hizi, mzee akiniomba nguo yake, nafungua droo kwanza, ndipo namjibu.