Mifuko Sitini ya Time

Nilipomwambia Time aombe ruhusa yake kabla hajakunja mfuko wa kwanza, alinicheka. "We Arafa, kila kitu kwako soko."

Ndiyo, soko. Nilikuja Doha kufua nguo za watu. Leo nauza vitenge na dagaa kuanzia Al Rayyan hadi Abu Hamour, na sijawahi kumkabidhi mtu kitenge kwanza ndipo tuongee bei. Time ni mtu wa Pangani. Kwao mtu anamaliza kazi, ananawa mikono, anakaa pembeni mpaka aulizwe, "Haya, una neno gani?" Hapa mjini anayeuliza sijamwona.

Neno lake lilikuwa moja. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi ya pili ya Desemba, na Time alikuwa na mwaka wa tatu hajakanyaga nyumbani. Likizo ipo kwenye mkataba. Bosi wake wa kazi za ndani, Jennifer, Mkenya wa mambo ya kompyuta, alikuwa ameisogeza mara mbili, kwa upole, kama mtu anayesogeza kiti apite.

Oktoba hiyo Jennifer akataka kumfanyia mwanawe Chelsea sherehe ya Halloween, ile sikukuu ya Wazungu ya vizuka na maboga. Watoto sitini, kila mmoja na mfuko wake wa peremende, na mifuko iwe ya kutengenezwa kwa mkono, si ya dukani. Time akasema anajua.

Alijua kweli. Amekua akikunja mifuko ya kashata za mama yake kwa karatasi za saruji. Akampigia Athumani, mlinzi wa ghala moja kule Industrial Area, akaletewa mifuko mitupu ya saruji. Ina matabaka matatu: la nje lina maandishi, la ndani lina vumbi, la katikati ni safi. Alichukua la katikati tu, akalifuta, akalipiga pasi. Gundi akaipika ya unga wa ngano. Kila kipande alikizungusha kwenye chupa tupu ya Vimto, akakunjia kitako chini ya chupa, akakandamiza, akachomoa. Mfuko ukasimama wenyewe.

Jennifer alitaka vichorwe vizuka.

"Mimi shetani simchori, madam. Nitamwota."

"Aki Time, si ni karatasi tu?"

"Nitaweka boga. Boga nalijua."

Akakata sura za maboga kwa karatasi nyeusi, akabandika. Siku hiyohiyo maboga manne ya kweli yalichokolewa yawe mapambo, nyama yake yote ikaenda pipani. Hilo lilimuuma kuliko vizuka. "Futari ya wiki nzima ile, shoga."

Sherehe iliangukia Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Akaitoa bure. Nami nilikuwepo, nimempelekea Jennifer vitenge. Kina mama waliigeuzageuza ile mifuko. Mmoja wao, Kendi, mwalimu wa Chelsea, akanyanyua mmoja juu.

"Jenny, hizi umetoa wapi? Ziko fiti!"

"Ni Time wetu. Huyu ako na mkono!"

"Basi Krismasi pale shule tunataka mia mbili."

"Mia mbili ni nini? Time atafanya. Si ndio, Time?"

Time alikuwa na sinia la juisi mikononi. Nilimkanyaga mguu. "Sawa, madam," akasema.

Wageni walipoondoka, akafagia maganda ya peremende, akanawa mikono, akasimama karibu na kochi. Mimi nilikuwa nakunja vitenge vilivyokosa mteja. Hakuulizwa kitu, basi akasema mwenyewe.

"Harusi?" Jennifer akashika kifua. "Na hukuniambia! Si ungesema kabla nimpatie Kendi neno langu mbele ya watu? Enda Januari. Hata utapumzika poa."

"Harusi ni Desemba, madam."

"Najua. Pole sana, mum." Akampapasa bega.

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, maana mwenye hasira unaweza kupatana naye.

Nje getini nikamwambia, "Bado una dawa. Gundi iwe maji. Ikipasuka mifuko ishirini ya mwanzo, atakuchoka, atakupa tiketi mwenyewe."

"Nikunje vibaya makusudi?"

"Makusudi."

"Mkono hautakubali, Arafa."

"Basi mkono wako ndio utakaokunyima harusi."

Hakucheka, nami sikumwomba radhi. Nilikuwa na hasira ya mtu anayeona mwenzake anaacha mali yake mezani na kuondoka.

Jumamosi ya pili ya Desemba nilipita pale na dagaa. Nikamkuta sakafuni jikoni, karatasi zimemzunguka, mikono imejaa gundi. Ndugu zake walikuwa wamempigia simu ya video, na simu ameiegemeza kwenye chupa ya Vimto. Ngoma ilisikika vizuri tu. Lakini kila alipofika kwenye kitako cha mfuko aliihitaji ile chupa, na kila alipoichukua, simu ilianguka kifudifudi. Anakunja, anakandamiza, anachomoa, anairudisha chupa, anainua simu kwa kiwiko asiichafue.

"Mbona hutafuti chupa nyingine?" nikamuuliza.

"Nyingine madam katupa."

"Bibi harusi umemwona?"

"Nimemwona," akasema, akaichukua tena chupa. "Mara kichwa, mara miguu."