Mgonjwa wa Kitanda Namba Sita

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyoandika neno "mkaidi" kwenye kadi ya mgonjwa. Niliandika kwa wino wa buluu, herufi zimesimama vizuri kama nilivyofundishwa shuleni, kisha nikaupuliza wino ukauke. Nikajiona nimefanya kazi.

Barua yako ndiyo iliyonikumbusha. Umeniandikia kwamba chuoni mnafundishwa kuwa uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ndio msingi wa uuguzi wote. Ukurasa huohuo, chini kidogo, unamlalamikia mgonjwa wako mkaidi asiyetaka kuguswa. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Ilikuwa Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mradi wa karanga ukiwa unakata roho na matrekta yameanza kuota kutu. Mimi nilikuwa dresa kijana katika hospitali ndogo ya mabati ambayo leo hata nguzo zake huzikuti. Wauguzi wanawake hatukuwa nao, hivyo dresa mwanamume alisafisha vidonda wodi zote mbili. Utaratibu tuliopewa ulikuwa kumwita mgonjwa kwa namba ya kitanda. "Namba tatu, nyoosha mkono. Namba tisa, meza." Majina, tuliambiwa, yanachelewesha kazi. Sitakudanganya, niliupenda utaratibu huo. Nilikuwa na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, na nilipopita kati ya vitanda nikitaja namba nilijisikia mkubwa.

Kwenye kitanda namba sita alilazwa mama mmoja aliyebebwa kwa machela kutoka Malolo. Alikuwa na kidonda ndugu juu ya kifundo cha mguu, kimekula nyama, kinanuka. Kadi yake ilisema "Binti Selemani, Malolo", basi. Wanawake wengi waliandikwa hivyo wakati ule, binti wa fulani.

Kila nilipomkaribia na beseni langu, alijifunika kanga gubigubi na kuuvuta mguu chini ya blanketi.

"Namba sita, mguu!"

Kimya.

"Namba sita, unataka uoze?"

Kimya. Siku ya tatu niliukamata ule mguu kwa nguvu. Mwanangu, hili naliandika kwa tabu. Aliachia sauti ambayo haikuwa ya maumivu. Wagonjwa wengine waligeuza nyuso ukutani. Nikafunga bandeji ovyo ovyo, nikaenda kuandika lile neno.

Bwana Mganga, mzungu aliyekuwa mkubwa wetu, hakumuuliza mgonjwa kitu. Aliisoma kadi, akakinusa kidonda kwa mbali, akasema, "Huyu hataki dawa. Ijumaa atapanda lori la Lindi. Huko watakata mguu." Mama wa watu alikuwa mkulima wa ufuta na mtama. Mguu ule ndio uliokuwa jembe lake, nami nilikuwa nimemsaidia mzungu kuuondoa kwa neno moja.

Jumatano nikiwa naosha beseni, alinijia Mama Paulina. Huyu alikuwa Mmakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mwenye chale usoni. Kazi yake ilikuwa kufagia wodi na kumwaga ndoo. Wamakonde na sisi Wamwera tulitaniana sana pale hospitalini, na yeye hakuwa na breki.

"Wewe dresa, shule umesoma mpaka wapi?"

"Mbali, mama."

"Mbali, lakini macho umeyaacha huko. Yule mama wa kitanda cha sita unamjua ni nani?"

"Binti Selemani wa Malolo."

Alicheka mpaka akaegemea fagio. "Wamwera nyie! Kumkimbia mkwe mnajua, kumuuliza mtu jina hamjui! Malolo alikwenda kwa kaka yake kupalilia. Kwao Matambarale. Ana binti anaitwa Zaituni. Umemsikia Zaituni, au naye ana namba?"

Beseni lilinitoka mikononi. Zaituni ni mama yako. Nilikuwa nimemchumbia miezi minne kabla. Na yule niliyemvuta mguu mbele ya wodi nzima ni bibi yako, huyo huyo unayemjua akichechemea kwenda kisimani.

Wewe umekulia mjini, huenda hujui ilivyokuwa. Kwetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni, seuze kushikana. Mara mbili tulikuwa tumekutana njia ya Ruponda, yeye akaingia porini upande huu, mimi upande ule. Sura yake sikuijua. Lakini yeye alisikia wenzangu wakiniita kwa jina, akajua mkwewe ndiye anayemjia na beseni. Angesema nini? Anitie aibu mbele ya wakubwa zangu? Alijifunika, akangoja niulize. Sikuuliza. Mama Paulina alimuuliza alipokuwa anafagia uvunguni, akaambiwa yote.

Nilitoka nje nikazunguka mpaka dirisha la kitanda cha sita. Nikasimama, mgongo ukutani, nikamwomba Mama Paulina awe katikati yetu.

"Mwambie namwamkia."

"Anasema marahaba."

"Mwambie nimekosa."

Nikasikia mnong'ono ndani. Kisha Mama Paulina akasema, "Anasema ungeuliza siku ya kwanza, sasa hivi angekuwa shambani. Anasema pia una mikono mizito, Zaituni ajiandae."

Alikuwa anacheka, mama yule! Mguu unaoza, lori linakuja, naye anacheka ndani ya kanga. Hapo ndipo nilipoapa kwamba lile lori halitambeba.

Sheria ilikataza mtu asiye dresa kugusa kidonda. Nikaivunja mchana kweupe. Mama Paulina alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nami nikiwa nje ya dirisha, nikitazama vumbi la uwanja, nikamwelekeza hatua kwa hatua. Maji ya chumvi yaliyochemshwa. Toa nyama iliyokufa, taratibu. Ina rangi gani? Inanuka vipi? Kandamiza, usisugue. Mama alinyoosha mguu bila kuambiwa.

Alhamisi Bwana Mganga alitukuta.

"Kwa nini mfagiaji anafanya kazi yako? Na wewe nje unafanya nini?"

Nilimweleza. Akasema mila zetu si dawa, na kadi imeandikwa mkaidi.

"Kadi niliiandika mimi, Bwana. Nilikosea. Yeye hakukataa dawa, alikataa mkono wangu."

"Kesho anapanda lori."

"Mimi simpakii. Na kama kuna mwenzangu atakayempakia, atanipita mimi mlangoni."

Mwanangu, magoti yalitetemeka, lakini sikuondoka. Wagonjwa walinyanyua vichwa. Mzungu aliniangalia, akakiangalia kidonda, safari hii karibu, akaniambia, "Mpaka lori la Ijumaa ijayo. Kikibaki hivi, atakwenda, na wewe utakwenda naye, na hutarudi."

Siku nane nilisimama dirishani asubuhi na jioni. Siku ya sita Mama Paulina alipiga kigelegele wodi nzima ikashtuka. "Nyekundu! Nyekundu kama nyama ya buchani!" Ilikuwa nyama mpya inaota. Lori lilikuja, likaenda bila yeye.

Usidhani walinishukuru. Mwisho wa mwezi nilifukuzwa kwa kuvunja sheria, na kwenye cheti changu Bwana Mganga aliandika kwamba mimi ni hodari, ila mkaidi. Cheti hicho nimezunguka nacho Ruangwa, Lindi, Songea, na kila mahali nilipokataa kuwaita watu kwa namba waliniambia nikajaribu kwingine. Nikaenda kwingine. Mama yako amefunga mizigo mara nyingi kuliko anavyopenda kuhesabu. Sijutii hata safari moja.

Siku ya harusi yetu nilikaa nimeinamisha kichwa kama impasavyo bwana harusi. Nyuma yangu nikasikia hatua, moja nzito, moja nyepesi. Bibi yako alikuwa ametembea kutoka Matambarale kwa miguu yake miwili. Sikugeuka. Nilizihesabu mpaka zikapotea kwa wanawake wenzake.

Basi rudi kwa mgonjwa wako. Usiende na kadi, nenda na kiti. Kaa, taja jina lako, uliza lake, kisha uliza anachokataa ni nini hasa: dawa, mkono, au aibu. Kama jibu huruhusiwi kulisikia wewe, mtafute anayeruhusiwa, hata akiwa ameshika fagio. Na wakubwa wakikwambia hakuna nafasi ya mambo hayo, simama mlangoni. Wataandika neno lao. Waache waandike, ilimradi mtu wako anatembea.

Mungu akupe mikono myepesi kuliko yangu, masikio yanayosikia kimya cha mtu aliyejifunika kanga, na magoti yanayotetemeka bila kurudi nyuma. Bibi yako anakusalimia. Anasema ukija, umletee sabuni.