Ukurasa wa Tano

Mwalimu Eustace hakuwahi kunifokea hata siku moja, na ndiyo maana nilimzoea vibaya. Alifundisha fasihi ya Kiingereza hapa Tinde miaka thelathini, mtu mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, anayevua kofia hata akisalimiwa na mtoto. Alipostaafu akaanzisha tuisheni ya Jumamosi kwa wanaorudia mitihani. Madesa yake yote, yaani mihtasari ya vitabu vya mtihani, niliyachapa mimi, kwenye steshenari yangu karibu na stendi. Watu waliyafuata kutoka Didia, wengine hata kutoka Kahama. Kitabu chenyewe hawakukifungua. Walisoma desa la Mwalimu Eustace, na walifaulu.

Mwaka huo riwaya ilikuwa ya wavulana waliokwama kisiwani bila mtu mzima hata mmoja. Mwalimu aliipenda mno. Alinisimulia huku nachapa, mpaka nikawajua wale watoto kama wa jirani: mwenye busara asiyesikilizwa, mwenye nguvu anayesikilizwa kupita kiasi, na kundi la wadogo ambao hakuna anayejali majina yao. Mmoja wa wadogo hao anatokea mara moja tu, anauliza watarudi nyumbani lini, halafu hatajwi tena. Mwalimu alikuwa amemwandikia mistari sita, chini ya kichwa cha wahusika wadogo na kile wanachowakilisha.

Mistari hiyo sita ikawa taabu. Desa langu lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa katikati, kurasa nne, linaingia mfukoni bila kelele. Hao wahusika wadogo walidondokea ukurasa wa tano. Siku hiyo nilikuwa na foleni mlangoni, mashine imepata moto, na mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia, "Mwalimu, huyo mtoto mwandishi mwenyewe kamsahau, wewe unamng'ang'ania wa nini? Kata."

Alicheka kidogo, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akasema haya, nikate. Nikakata.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo Sikujua, binti wa Didia wa miaka ishirini na sita, aliyekuja kwa baiskeli kila Jumamosi, jua liwake au mvua inyeshe. Alihitaji kufaulu somo hilo moja tu ili aingie chuo cha ualimu, na nafasi yake ilikuwa inamsubiri. Alikuwa mpole lakini king'ang'anizi: alikitafuta kitabu chenyewe akakisoma chote. Nilikuwa darasani nagawa madesa siku aliponyoosha mkono na kuuliza yule mtoto alikwenda wapi. Mwalimu alinitupia jicho, kisha akamjibu kwamba yule ni mpita njia, hana maksi, ashike walioko kwenye desa. Sikujua akasema asante mwalimu, akakaa.

Mtihani ulipokuja, swali kubwa la riwaya liliwataka wachague wahusika wadogo wawili na kueleza wanawakilisha nini. Nililijua siku hiyohiyo, maana wanafunzi walipita dukani kwangu na karatasi ya maswali mkononi, nyuso kama za waliotoka msibani. Matokeo yakatoka, Sikujua ana F. Chuo kikampa nafasi yake mtu mwingine, naye akaenda Geita kumsaidia shangazi yake kuuza chai na maandazi pale Kalangalala.

Mwalimu alikonda. Aliacha tuisheni, akawa anashinda kwenye kibustani chake cha vitunguu, na ukimsalimia anaitikia bila kukutazama. Mwezi Machi akaja kuniomba nimsindikize Geita, akamwombe binti wa watu radhi. Sikuwa na namna ya kukataa.

Tulimkuta Sikujua anaepua maandazi. Alifuta mikono, akapiga goti, akatuamkia, akatuletea chai kabla hatujasema tumefuata nini. Mwalimu akamwambia amekuja kuomba msamaha kwa lile swali ambalo hakumfundisha jibu lake.

"Jibu nilikuwa nalo, mwalimu," Sikujua alisema.

Akatueleza habari ambayo Tinde nzima hatukuijua. Kaka yake Jilala alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Siku moja alishuka kwenye duara, shimo la kuchimbia, kumshikia zamu rafiki yake aliyekuwa na homa, na kwenye daftari la mlangoni likaandikwa jina la yule rafiki. Udongo uliposhuka wakaokolewa watu, kisha yakasomwa majina. Yule rafiki alikuwa juu, mzima, akaitikia. Basi wakahesabu wote wametoka, wakaacha kuchimba. Jilala alikuja kutafutwa siku ya tatu, baada ya Sikujua kupiga simu yake mpaka akachoka. Walimkuta amekaa, ameegemea ukuta. Alikuwa ameishi muda kabla ya kufa.

"Nilianza kumwandika yule mtoto," alisema. "Kwamba hakuna aliyemtafuta kwa sababu hakuna aliyejua wako wangapi. Nilipofika mstari wa tatu nikakumbuka ulisema hana maksi. Nikakata, nikaandika viongozi."

Mwalimu Eustace aliinama. Mtu mzima yule alilia mbele ya wateja, machozi yanadondokea kwenye kola yake safi, wala hakuyafuta.

"Nilikuwa nimemwandika, mwanangu," alisema. "Alikuwepo kwenye desa. Nikamkata. Ni mimi."

Hakunitazama. Hakugeuza hata shingo. Nilijua hapo ndipo pa kusema, na nilikuwa na neno lenyewe mdomoni, fupi tu. Sikujua alikuwa ameshika birika amesimama karibu yangu, machozi yanamlengalenga. Mdomo wangu usiokuwa na breki, siku hiyo ndiyo ulizipata.

Akaniuliza, "Mama, nikuongeze chai?"

Nikamwambia inatosha.