Beti za Kumuaga Aaliya

Kwanza niseme majina nimeyabadili, kwa hivyo watu wa kisiwa chetu cha Amu msianze kuulizana kwenye simu.

Wifi yangu Hadia hushona kofia. Hukaa penye mwanga, kitambaa pajani, na akitunga shairi midomo humcheza kama mtu anayesoma uradi. Akimaliza huniita nimwandikie kwenye simu, maana macho yake yameishia kwenye vitundu vya kofia. Hivyo ndivyo tulivyoingia kila shindano la ushairi tulilolisikia, na la hadithi fupi pia. La redio, la gazeti, hata la benki. Jibu lilikuwa lile lile: asante kwa kushiriki. Mara nyingine jibu halikuja kabisa. Mimi niliwatukana majaji mpaka nikachoka. Yeye alichoka bila kutukana mtu. Zawadi hakuwa akiitaka. Alitaka mara moja tu, angali hai, jina lake lisomwe chini ya shairi lake.

Maana mashairi yake yalikuwa yakisomwa, tena sana, ila bila jina. Kwetu mama anayemwoza binti husimama mbele ya wanawake wenzake akamuaga mwanawe kwa beti. Anayejua kutunga hutunga. Asiyejua huenda kwa Hadia na ubani na sahani ya halwa, na akitoka hapo maneno ni yake. Mtungaji hatajwi. Kumtaja ni kumvua mama wa watu nguo mbele ya wakwe.

Bi Ghada, wa mtaa wa pili, alikuja hivyo alipomwoza bintiye Aaliya kwa watu wa Faza. Mama yule ni mkavu. Sikupata kumwona akimshika mwanawe mkono. Hadia alimtungia beti ambazo mimi mwenyewe, nikiziandika, nilishindwa kufika mwisho kwa machozi. *Mwanangu nenda salama, nyumba yetu haifungwi.* Harusini wanawake walilia wote. Mmoja akarekodi, na sauti ikazunguka kwenye simu za watu hadi Mombasa.

Mwaka jana likatangazwa shindano jingine. Hadia alisema hana jipya, amechoka, tuache. Kisha akasema, "Peleka lile la Ghada. Hawa wa Nairobi harusi zetu watazijuaje?" Nikapeleka, na shairi likaingia orodha ya mwisho. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaolewa. Yeye aliweka kofia chini akalia.

Hazikupita siku nyingi, katibu wa shindano akapiga simu, nikaifungua sauti tusikie sote wawili. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema jaji mmoja amelisikia shairi lile kwenye simu ya shemeji yake, likisomwa na mama mwingine harusini.

"Tunaomba tu huyo mama atuambie kwamba wewe ndiwe uliyemtungia," alisema. "Akikubali, hakuna neno."

Hakuna neno! Nilimwambia wifi aende, na asipokwenda nitakwenda mimi. Nilikuwa na hasira za miaka, na zilikuwa za kwake zaidi kuliko zangu. Akavaa buibui polepole, tukaenda pamoja.

Bi Ghada alitukaribisha kahawa kwa furaha ambayo sikuizoea kwake. Kabla Hadia hajafungua mdomo, akasema:

"Aaliya alikuya yuzi. Kanambia shairi lile hulisikiza kulla siku. Kanambia, mama, mimi sikuwa nikiyua kuwa wanipenda." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mwana yule hakupata kunikumbatia, Bi Hadia. Yuzi kanikumbatia."

Nilimtazama wifi yangu. Nilitaka aseme hata hivyo, Mungu anisamehe. Hadia akamaliza kahawa yake, akauliza kama huko Faza maji ya kunywa yanapatikana, akamwombea Aaliya kizazi chema. Tukaaga.

Tulipofika nyumbani aliniambia nimpigie katibu, kisha akaichukua simu mwenyewe, sauti ikiwa wazi.

"Shairi si langu," alimwambia.

Kijana akasema kwa upole kwamba basi jina lake litaondolewa, na kwamba aliyeleta kazi ya mwingine hapokewi tena katika shindano lao. Hadia akasema amefahamu. Mimi nilikuwa nimeuma kanga yangu ili nisipige kelele.

"Mama, kabla sijakata," kijana akasema. "Majaji walikuwa wamelichagua liwe la kwanza. Wangependa sana kumpata aliyelitunga. Wewe unamjua?"

Hadia alikuwa amefumba macho.

"Simyui, mwanangu," akasema, akanirudishia simu.